Koplo Aliyekataa Kiti

Palikuwa na afisa mmoja wa mafao, na kazi yake ilikuwa kutoamini.

Msimlaumu haraka. Mwaka mmoja alijiwa na mtu mwenye magongo mawili, anaburuta mguu, analia. Jioni ile ile afisa akamkuta uwanjani anacheza beki wa kulia. Mwingine alimletea cheti kilichotiwa saini na daktari aliyekufa miaka minne nyuma. Tangu hapo yule afisa hakutazama tena uso wa mtu. Alitazama miguu, alitazama mikono, akangoja mtu ajisahau. Na watu hujisahau, sivyo?

Basi siku moja likafika mezani kwake faili la koplo mstaafu. Koplo huyu alikuwa amepelekwa nchi ya mbali kulinda amani, akakaa huko miezi kumi na minne, kambi yao ikiwa jirani na shimo la kuchomea taka: plastiki, mafuta machafu, dawa zilizoharibika, kila kitu. Aliporudi, mwili ukamgeuka. Viungo vinauma. Uchovu usioondoka hata alale vipi. Kichwa kinasahau. Hospitali tatu zikampima damu na kumpiga picha, na zote tatu zikaandika maneno yale yale: chanzo hakijulikani. Ombi lake la pensheni ya ulemavu lilikuwa limekataliwa. Hii sasa ilikuwa rufaa, na baada ya rufaa hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Bodi ilikuwa na watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa mama wa makamo, daktari mmoja, na afisa wetu.

Koplo akaingia. Wapendwa, mngemwona! Suruali imepigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate. Viatu vinang'aa. Akapiga saluti, akasimama wima mbele ya meza.

"Keti, mzee wangu," mwenyekiti akamwambia.

"Nashukuru, afande. Nitasimama."

"Mimi si afande, baba. Mimi raia tu."

"Ndiyo, afande."

Mwenyekiti na daktari wakacheka. Afisa hakucheka. Alitazama saa yake, akaandika muda.

"Haya, maumivu yako wapi leo?" akauliza.

"Magotini, afande. Jana yalikuwa mabegani."

"Kumbe yanasafiri! Yanalipa nauli?"

Afisa akafunua ukurasa mwingine wa faili.

"Ulirudi nchini tarehe ngapi?"

Koplo akafungua mdomo, akaufunga. "Asubuhi nilikuwa nayo, afande."

"Na namba yako ya jeshi?"

Ikatoka yote, mfululizo, bila kukwama hata tarakimu moja.

"Ahaa," afisa akasema, akiandika. "Unasahau kwa kuchagua."

Niwaulize: nanyi hamjaanza kumshuku? Mgonjwa wa viungo anasimama dakika ishirini na tano, hashiki hata ukingo wa meza! Mwenye kusahau anaitaja namba ndefu kama anaisoma ukutani! Ningekuwa mimi kwenye meza ile, nawaambia kweli, kalamu yangu ingekuwa imeshamaliza kazi.

Koplo akaomba ruhusa ya kuondoka. Saluti. Akageuka kwa kisigino, akatoka kwa hatua za gwaride. Afisa naye akainuka.

"Nipeni dakika tano," akawaambia wenzake. "Huyu nitamkamata nje, pale atakapodhani hakuna macho."

Akamfuata kwa mbali. Kwenye korido, koplo wima. Kwenye ngazi, wima. Nje, juani, wima. Akakata kona kwenda nyuma ya jengo, penye tangi la maji. Afisa akajibanza ukutani, akachungulia.

Koplo alikuwa chini. Amelala kwenye saruji kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba. Mkewe amepiga magoti, anamvua viatu, maana yeye mwenyewe hakuweza kujikunja kuvifikia.

"Baba Atupele, nilikuambia nini? Nilikuambia ukae! Nilikuambia uwaonyeshe!"

"Mbele ya meza yenye bendera, Mama Atupele? Nikae kilegevu?"

"Siku tatu umelala kitandani, unajiwekea nguvu za kusimama. Haya, wamekuona mzima. Umefurahi?"

"Miaka ishirini na miwili," koplo akasema, macho ameyafumba, "nimefundishwa kwamba mbele ya wakubwa huonyeshi maumivu. Sijui kusimama kwa namna nyingine."

Afisa aliona yote. Alisikia yote. Akarudi ndani.

"Umeona nini?" mwenyekiti akamwuliza.

"Ameanguka. Nyuma ya tangi. Mkewe yupo naye."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi ni kweli."

"Hapana," afisa akasema. "Alijua nitamfuata. Hawa wote hujua."

Mwenyekiti akasita. Akamtazama afisa, akatazama mafaili yaliyosubiri. Kisha akavuta muhuri, akagonga. Rufaa imekataliwa.

Mmesikia, wapendwa? Aliposimama, walisema mzima huyu. Alipoanguka, wakasema anaigiza. Niambieni basi, asimame vipi, aanguke vipi, ndipo aaminiwe? Afisa yule hakukosa ushahidi. Ushahidi ulilala mbele yake kwenye saruji, bila viatu. Alichokosa ni mahali pa kuuweka, kwa sababu moyoni mwake kila nafasi ilikuwa imeshajaa.

Mnamchukia? Ngojeni kidogo. Sisi hatuna muhuri, wala hatuna bodi. Lakini Jumapili iliyopita, tuliposimama kuimba, dada yetu mmoja alibaki ameketi. Kutoka hapa nilipo niliona shingo zikigeuka. Nikasikia mtu akinong'ona, "Mbona jana alikuwa sokoni, anatembea vizuri tu?" Na mimi, ndani ya vazi hili, nikawaza: kweli, hata mimi nilimwona.

Bwana wetu alipopita katikati ya wagonjwa, aliwauliza wanataka nini. Hakumtaka hata mmoja athibitishe kwanza. Sisi tumejifunza wapi kudai vyeti?

Leo dada yule hakuja. Baada ya ibada nakwenda kwake kumwomba radhi, na atakayetaka kufuatana nami, karibu. Ila nawaomba jambo moja. Tukimkuta uani anafagia, anacheka na jirani, tusitazamane.