Mashine Isiyo na Mdomo

"Chungu kisichopinduliwa hakiitwi kitupu." Vijana waliokuwa wakikanyaga udongo walimsikia Tumpe, mkubwa wao katika ufinyanzi, akisema hivyo. Wakamuuliza, "Mama, msemo huo umetoka wapi?"

Methali hii ilianza hivi, kwenye uwanja huu huu wa kuchomea vyungu.

Jambo la kwanza Tumpe aliloliona ni kwamba mashine ya kura haikuwa na mdomo kama wa chungu. Alikuwa msichana wakati huo, mwoga wa kusema mbele za watu. Shule aliiachia darasa la tano. Siku zote wafinyanzi walimchagua mwenyekiti kwa vyungu, kila mgombea na chake. Kwanza vilipinduliwa wote wakiona kuwa ni vitupu, ndipo kila mtu alipotumbukiza kokoto. Mwaka ule ikaazimwa mashine ya kubonyeza picha ya mgombea, ikalazwa nyumbani kwa Bupe, shangazi aliyemlea Tumpe. Bupe mwenyewe alikuwa mgombea. Mpinzani wake, Ngonde, alitaka shimo la udongo liuzwe kwa wafyatua matofali. Bupe alikataa katakata, maana likiuzwa, ufinyanzi umekwisha.

Foleni ikapangwa. Tumpe, aliyekuwa mbele, akasimama bila kubonyeza.

"Haijapinduliwa," alisema.

Watu wakaangua kicheko. "Haya, ipindue imwage betri!"

"Dada, hii ina nywila," fundi aliyeileta mashine akasema. "Haiingiliki."

"Nywila anayo nani?"

"Mimi. Na shangazi yako, nilimwachia aiwashe asubuhi."

Kicheko kikapungua.

"Basi ihesabu sasa, kabla hatujapiga."

Fundi akabonyeza. Kioo kikaonyesha picha ya Bupe na kura tele chini yake. Ngonde hakuwa na hata moja.

"Tumpe!" Bupe akapaza sauti. "Shimo likiuzwa utafinyanga mate? Mimi niliyekulea!"

"Shangazi, chungu kisichopinduliwa hakiitwi kitupu. Hata kikiwa cha kwetu."

Vikaletwa vyungu, vikapinduliwa, kokoto zikalia ndani yake. Ngonde alishinda. Nusu ya shimo ikauzwa. Nusu nyingine wanawake waliing'ang'ania, ndiyo inayochimbwa leo. Bupe hakumsemesha Tumpe tena hadi anaingia kaburini.

Tangu hapo, jambo likiletwa limefunikwa, hata na ndugu, wafinyanzi husema: Chungu kisichopinduliwa hakiitwi kitupu.

"Na kokoto yako, mama," msichana mmoja akauliza, "uliitia katika chungu cha nani?"

Tumpe aliinama akachota udongo.

"Cha shangazi. Sikuwahi kumwambia."