Kabati la Mwanga na Majogoo wa Kwemvumo

Hapo zamani, zamani ya nani sijui, huko milimani Kwemvumo ambako ukungu hulificha jua miezi mizima, alikuwako muuguzi, Bi Hidaya, aliyetunza kabati la mwanga. Mgonjwa wa ngozi huingia peke yake, mlango ukafungwa, taa zikawaka, akahesabu hadi mia, akatoka. Dawa ni siku thelathini mfululizo. Ukikosa moja, unaanza upya.

Hidaya aliwapangia zamu wagonjwa saba daftarini. Wa nane alikuwa yeye mwenyewe, maana mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, ilimtambaa mgongoni. Jina lake hakuliandika, aliona haya.

Balaa lilikuwa majogoo. Kabati likiwaka, wao hudhani kumekucha, wakawika. Na watu wa Kwemvumo hawabishani na jogoo. Akiwika, wanatandika vitanda, wanapika uji, wanakunywa. Uji mara nane kwa siku. Mwezi wa pili haujaisha, unga ukaisha.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akaja na wapagazi na kamba. Akasema kabati liwashwe mara moja tu, kisha literemshwe pwani.

Wagonjwa wanne walikwisha pona. Watatu walibakiza siku moja moja.

Mzee Kaniki, mwenye magamba miguuni, akasema, “Kati ya tuliobaki, jina langu ndilo la kwanza. Foleni ni foleni.”

Bi Namvua, mwenye mbalanga usoni, akasema, “Wiki iliyopita Jumbe alipotaka kulivunja kabati, nani aliyewafunika majogoo kwa matenga mpaka hasira zikampoa? Bila mimi mngekuwa mnaota moto tu badala ya mwanga wa kabati.”

Shemhilu, fundi viatu anayejikuna hata usingizini, akasema, “Mmoja wa hao waliopona alipochelewa, nilimpa zamu yangu, nikarudi kuanza moja. Wenzangu wanahesabu thelathini, mimi karibu hamsini.”

Hidaya alijua akinyamaza, mgongo wake utarudi ulivyokuwa.

“Na mimi nimebakiza moja,” akasema.

Wakamtazama. Kaniki akamwambia taratibu, “Nesi, wewe hata daftarini humo.”

“Simo, baba. Lakini nani kati yenu angefika ishirini na tisa bila wa kumpangia?”

Wapagazi wakaanza kukunjua kamba. Jumbe, ambaye tangu alfajiri hakuwa amepata hata kikombe cha uji, akamwamuru nesi awashe upesi. Hidaya akashika swichi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaufungua mlango wa kabati.

Haya, nyie mliokaa hapa mkinisikiliza: wa foleni, wa matenga, wa hisani, au mpanga zamu? Je, nani alistahili kuingia?