Kimya cha Mkekani

Kimya cha mkekani hupikwa jikoni. Leo asubuhi mmemsikia jirani akimwambia hivyo mwanawe, mkacheka, mkauliza mkeka na jiko vinakutania wapi. Basi kaeni. Methali hii haikutungwa na mtu mwenye hekima, wajukuu zangu. Ilianzia kwa mtu aliyechoka.

Korogwe palikuwa na fundi saa aliyeitwa Mhando. Kibanda chake kilikuwa kwenye njia ya kwenda stesheni, na wakati huo watu bado walivaa saa za kujaza ufunguo. Ndani ya saa kama hiyo mna springi nyembamba kama unywele. Kuirudisha mahali pake kunataka mkono usiotikisika na pumzi iliyotulia. Kwa miaka thelathini na miwili mkono wa Mhando haukutikisika. Mwaka aliotimiza sitini na mmoja, ukaanza.

Kwanza alidhani ni baridi ya mwezi wa saba. Kisha akadhani miwani imechakaa, akabadilisha kioo. Mkono ukazidi. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Daktari akamwambia apunguze mawazo, naye akarudi nyumbani akijiuliza mawazo hupunguzwa kwa kifaa gani.

Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mtoto wake mmoja, Mwajabu, alikuwa ameolewa Morogoro. Alipokuja kumtazama babaye, alikaa naye kibandani asubuhi moja tu, akamwona akiangusha kibano mara tatu.

"Baba, inatosha," alisema. "Mvua za vuli zikianza nitakuja kukuchukua. Kibanda tumpe yule muuza viatu anayekitaka."

"Na mimi nikafanye nini Morogoro?"

"Ukapumzike."

Mhando hakubisha. Alikuwa amechoka hata kubisha. Lakini aliwajua wazee waliopelekwa kupumzika. Walikalishwa kwenye kiti barazani, wakaletewa chai, mpaka wakasahau walikuwa nani. Akaomba apewe muda hadi hiyo vuli.

Nyuma ya duka la vitambaa aliishi mjane aliyeitwa Mama Hansa, Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa papo hapo Korogwe. Kila alfajiri alikaa chini, mgongo wima, macho ameyafumba, akifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Watu waliokuwa na shida ya usingizi au presha walikwenda kwake, naye aliwafundisha bila kudai kitu. Mhando alikwenda kwa aibu, kofia mkononi.

"Mama, mimi ni Mwislamu. Nisije nikaingia mambo ya watu."

"Sikufundishi dini, Fundi. Nakufundisha kukaa. Swali zako tano, halafu njoo ukae."

Akamwonyesha jinsi ya kukunja miguu, kunyoosha mgongo, kulegeza mabega. "Fuata pumzi. Wazo likija, usilipige. Rudi kwenye pumzi. Fanya kila jioni."

Mhando akaenda kufanya. Lakini fundi ni fundi. Kitu kisipokwenda, hubadilisha kifaa. Alianza kukaa kwenye jamvi lake kuukuu, na kichwa kikajaa kelele kama soko la Jumatano. Akaona jamvi linachoma. Akanunua mkeka wa ukindu kutoka Pangani, laini, wa rangi mbili. Kelele zikabaki. Akahamisha mkeka kutoka sebuleni akaupeleka chumbani. Akaugeuza uelekee ukutani. Akaweka saa ya mezani mbele yake ahesabu dakika ishirini, akawa anafumbua jicho moja kuitazama. Mwisho akapata mitumbani kipande cha mpira mnene wa buluu, akakitandika chini ya mkeka. Akaketi juu ya vyote viwili, mgongo wima kama nguzo ya simu, na ndani yake watu wote wa Korogwe wakizungumza kwa pamoja.

Mwezi wa nane ukapita hivyo, wa tisa nao ukapita. Mkono ulikuwa ule ule. Siku moja aliivunja springi ya saa ya mwalimu mmoja, akabaki kuitazama bila hata kukasirika. Alifunga kibanda, akaenda kwa Mama Hansa, akakaa kizingitini.

"Mama, mimi siwezi. Labda mkeka wenyewe una kasoro. Njoo uutazame."

Mama Hansa alikuwa mtu mzima, magoti yanamsumbua, lakini alichukua fimbo yake wakafuatana. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alipofika aliuangalia mkeka, akaubonyeza kwa fimbo.

"Mkeka mzuri. Hata mimi sina kama huu. Sasa nionyeshe jikoni."

"Jikoni?"

"Jikoni, Fundi."

"Mama, mimi naumwa mikono, siumwi tumbo."

"Saa ya mtu ikisimama, wewe unaanza kwa kuitazama mishale?"

"Nafungua nyuma," Mhando alisema.

"Basi nipeleke nyuma."

Jiko lilikuwa uani. Mama Hansa alisimama mlangoni, akatazama kimoja kimoja bila haraka. Birika la kahawa chungu, na kando yake masalio ya kahawa ya siku nzima. Kikaango chenye mafuta meusi. Sufuria ya wali wa jana. Redio juu ya rafu, inanguruma peke yake.

"Unakula saa ngapi?"

"Nikirudi kijiweni. Saa nne hivi, saa tano."

"Kijiweni mnafanya nini?"

"Tunacheza bao. Tunazungumza." Akafikiri kidogo. "Tunabishana. Kuna Sekiete, haniachi, ananiudhi mpaka nalala naye kichwani."

"Kahawa vikombe vingapi?"

"Nani anahesabu, Mama?"

"Na unakaa mkekani wakati gani?"

"Nikishakula. Kabla ya kulala."

Mama Hansa aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasugua goti. Hakuonekana kumlaumu. Alionekana kama mtu anayetafuta namna fupi ya kusema jambo refu.

"Ukifumba macho, unamwona nani?"

"Wenye saa."

"Kwa nini wao?"

"Nimewaambia njoo kesho."

"Wangapi?"

"Mama, fundi gani hasemi njoo kesho?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia. "Wengine nawaambia tangu mwezi wa sita. Nawaona wakija mbali, nashusha pazia la kibanda."

"Basi mkeka usiuonee," Mama Hansa alisema. "Mchana kutwa unapika kelele, Fundi. Usiku unakwenda mkekani kuzipakua. Ulitarajia upakue nini?"

Hakumpa orodha ndefu. Alimwambia ale kabla ya jua kuzama, chakula chepesi. Kahawa kikombe kimoja, cha asubuhi. Redio izimwe akirudi kutoka kuswali isha. Akae mkekani alfajiri, tumbo likiwa tupu. Na asimwambie mtu njoo kesho ila pale anapojua hiyo kesho ipo.

Hili la mwisho ndilo lililomwelemea. Asubuhi iliyofuata hakushusha pazia. Akamwambia mwalimu ukweli kwamba springi ameivunja yeye. Mwalimu alimwita mzee mwongo mbele ya watu, akaondoka. Wengine saba aliwarudishia saa zao. "Hii siiwezi," alisema, mara saba, na kila mara ulimi ulikuwa mzito.

Wiki ya kwanza kichwa kilimgonga kwa kukosa kahawa. Alipopita kijiweni bila kuketi, Sekiete alipaza sauti: "Jamani, Fundi siku hizi ni sungura! Anakula mchicha saa kumi na mbili, analala na kuku!" Wakaangua kicheko. Mhando aliinua mkono kuwasalimu, akaendelea na safari. Si kwamba hakuumia. Nguvu ya kujibu ndiyo hakuwa nayo, na jioni ile aligundua kuwa jibu ambalo hukulitoa halikufuati nyumbani.

Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na alfajiri moja alipohisi pumzi ikiingia, ikatoka, na kwa muda mfupi hapakuwa na mtu mwingine chumbani ila yeye. Kisha mawazo yakarudi. Kesho yake tena, kidogo zaidi. Siku nyingine hakupata kitu, akainuka magoti yakiuma kama alivyoketi.

Vuli ikaanza. Mwajabu alishuka kwenye treni na gunia tupu la kufungia vyombo vya baba yake. Alimkuta kibandani, saa mbili asubuhi, ameinamia saa ya kike. Alitaka kusema, lakini babaye aliinua kidole kimoja, naye akasimama kimya huku maji ya mvua yakimtiririka begani.

Kibano kilishuka. Mkono ulitetemeka kidogo. Mhando hakuulazimisha. Aliacha pumzi itoke yote, na mwishoni mwa pumzi mkono ukatua. Springi ikakaa. Saa ikaanza kwenda.

"Ni moja kwa siku," alisema, akivua miwani. "Moja, asubuhi, mkono ukiwa mpya. Baada ya adhuhuri sigusi. Usidhani nimepona, mwanangu. Nimezeeka na nimechoka. Ila uchovu wa sasa ni wa kazi niliyoifanya."

Mwajabu alilikunja lile gunia mara mbili, mara nne, akaliweka chini akalikalia. Baadaye walipokwenda nyumbani aliuona mkeka wa ukindu umeviringishwa na kusimamishwa kwenye kona, na jamvi kuukuu limetandikwa.

"Baba, Mama Hansa aliniandikia kuwa unakaa kimya siku hizi. Nilidhani ni huu mkeka mzuri ndio uliokusaidia."

Mhando alikuwa akiosha kikombe chake kimoja. Jua lilikuwa bado halijazama, na sufuria ya mihogo ilikuwa imeshaepuliwa.

"Mkeka hauna kosa wala sifa," alisema. "Kimya cha mkekani hupikwa jikoni."