Arobaini na Mmoja Mlangoni

Ting.

Mlio mmoja tu, ndugu zangu, saa nane za usiku, kwenye simu ya mzee mmoja wa kanisa. Mzee akanyoosha mkono, akaona barua pepe ya Kirundi, lugha asiyoijua hata salamu yake. Akaifuta, akageukia ukutani, akalala.

Nisikilizeni vizuri, maana habari hii inaniwasha ulimi tangu Jumatano.

Kanisa la mzee huyo lilikuwa katika mji wa mpakani. Binti mmoja wa kwaya, fundi wa kompyuta, alilitengenezea orodha tatu za barua pepe: ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya Kirundi. Unajiandikisha kwa lugha yako, na kila wiki mahubiri yanakufuata mpaka ulipo, kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako. Je, hiyo si Pentekoste ndani ya simu?

Ila kanisa halikuwa na seva yake, yaani kompyuta ya kutumia barua hizo. Lilikuwa mpangaji tu kwenye seva ya watu wengi, kama vyumba vya nyumba moja, na mwenye nyumba hakutaka mtu ajaze njia mchana. Kwa hiyo barua zote zilisafiri usiku.

Wazee wa kanisa nao waliweka sharti. Ninyi mnajua, mgeni akihamia kwetu huja na barua ya utambulisho, na jina lake husomwa mbele ya watu. Basi wakasema na kwenye orodha iwe hivyo: haingii mtu mpaka mzee amkubali. Mzee wetu akapewa kazi hiyo.

Miezi minane ikapita. Orodha ya Kiswahili ilikuwa na watu mia tatu, ya Kifaransa tisini, na ya Kirundi wanne, walioingizwa na fundi mwenyewe siku ya kwanza. Kwenye kikao mmoja akatania kwamba Warundi wape ngoma, usiwape kusoma, na wenzake wakacheka. Mzee hakucheka. Alitaka orodha ile ifungwe Jumapili inayofuata.

Hakuna aliyeshangaa. Miaka tisa nyuma binti yake alivuka mpaka akaolewa na Mrundi bila baraka zake, na tangu siku hiyo jina la binti halikutamkwa katika nyumba ile. Hata mama mtu, akimwombea, alisema "yule wa ng'ambo."

Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, fundi wetu akaenda kwa mzee na kompyuta yake. Akamwamkia, akaomba waitazame orodha mara moja tu kabla ya kuifunga. Akafungua ukurasa, kisha akauliza taratibu:

"Mzee, zile barua za Kirundi zinazoingia usiku, huwa unazifanyia nini?"

"Nazifuta, mwanangu. Mahubiri yenyewe nimeshayasikia kanisani."

"Si mahubiri hayo, mzee. Ni watu wanapiga hodi. Orodha ya Kirundi inakuandikia wewe kwa Kirundi. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo, wala sikufikiri. Wako arobaini na mmoja nje."

Arobaini na mmoja! Mzee alikaa chini. Alikuwa mgumu, lakini hakuwa dhalimu. Akaagiza aletewe miwani, akasema watafuata utaratibu: yeye asome jina, fundi abonyeze kitufe cha kukubali.

Wakaanza. Bibi mmoja wa milimani, aliyeandikishwa na mjukuu. Mwalimu. Muuza sabuni. Walipofika wa ishirini mzee alikuwa amesimama, anasoma kwa sauti kama msoma majina kwenye mahafali, na mkewe ametoka jikoni na unga mikononi, anapiga vigelegele kwa kila jina. Thelathini. Thelathini na tano. Arobaini.

Hapo mzee akakwama.

Mkewe akauliza wa mwisho ni nani. Fundi akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ameomba mara saba. Ameandika na sababu: nataka wanangu wasikie mahubiri ya kwa babu yao."

Ndugu zangu, tuwaache hapo kidogo, tujitazame sisi.

Sisi husema watu fulani ni wazito, hawaji, hawapendi mambo ya Mungu. Nani alituambia? Tuliweka mlango, tukamweka bawabu asiyeelewa hodi yao, kisha tukahesabu viti vitupu tukawahukumu. Usiniambie hukusikia. Ulisikia, ukafuta, ukageukia ukutani. Na ulidhani wote walioko nje ni wageni? Wewe mama wa kiti cha tatu, wewe baba uliyekunja mikono, una hakika hakuna wa damu yako pale, aliyekuja kwa lugha ya watu wengine kwa sababu kwa lugha yako alishafungiwa? Amebisha mara ngapi? Nasi kumpokea Mungu tunasema tuko tayari, ilhali jina moja tu linatushinda.

Kwenye kioo vilikuwepo vitufe viwili: kubali, kataa. Na sharti lilikuwa la wazee wenyewe: jina lisiposomwa, mtu haingii.

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mkewe alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono yenye unga.

"Yusta," akasema mzee.