Mhanga Aliyekanwa na Mafundi

Enyi wazee wetu wenye heshima, enyi mama zetu, nanyi vijana mliojipanga barazani, nawaombeni masikio yenu. Niitapo, niitikieni. Ngano naileta!

Ilete, tuipokee!

Hapo zamani, zamani sana, nchi ya Sultani Nyati ilikuwa na sheria: kila mnyama awe na ufundi mmoja, na mafundi wenzake wamtambue. Asiyetambuliwa na yeyote avushwe mto asirudi, na kazi yake yoyote isibaki nchini.

Humo aliishi Bi Mhanga, mwenye kucha ndefu na moyo usiotulia. Ujanani alifinyanga vyungu kwa kina Ngiri. Akafinyanga, akafinyanga, hata mikono ikawa inafinyanga naye amesinzia. Akasema, "Hapa nimefika." Akaenda kusuka mikeka kwa kina Mnana. Akasuka, akasuka, hata mikono ikawa inasuka naye amesinzia. Akasema, "Hapa nimefika." Akaenda kutunga nyimbo kwa kina Chiriku. Huko mvi zikamkuta. Siku moja akasema, "Hapa nako nimefika. Sasa nataka kuchonga milango."

Kicheche, mpiga mbiu wa Sultani, alikuwa akilitamani shimo la Bi Mhanga, pana na lenye ubaridi. Akacheka sana. "Shangazi, mvi zimekufika puani, bado watafuta kazi? Utakufa mwanagenzi!"

"Basi nitakufa nina la kufanya. Nipishe, nikatafute patasi."

Kicheche akaenda kwa Ngiri, kwa Mnana, kwa Chiriku, akawanong'oneza: "Atakayemtambua yule kizee, atamlisha yeye mpaka kaburini." Wote wakaingiwa na hofu.

Kisha akamshitaki Bi Mhanga kwa Sultani, na baraza likaketi. Sultani akauliza, "Ngiri, huyu ni mwenzenu?"

"Alituacha. Si wetu."

"Mnana?"

"Alituacha. Si wetu."

"Chiriku?"

"Anatuacha. Si wetu."

 Katika nchi ile Bi Mhanga alizaliwa, katika nchi ile alimzika mumewe. Lakini hakulia, wala hakuomba huruma. Akasema, "Nitavuka, Sultani. Naomba tu sheria itimizwe yote: kazi yangu isibaki."

"Itimizwe!" akadakia Kicheche, na mbio akaanza kukusanya. Akachukua vyungu, majiko yakabaki matupu. Akachukua mikeka, wazee wakaketi vumbini. Mara ndama wa Sultani akaanza kulilia usingizi, na mama yake akaanza kumbembeleza kwa wimbo.

"Niwie radhi, Bi Mkubwa," akasema Bi Mhanga. "Wimbo huo ni wangu."

Mama akajaribu wimbo wa pili. "Na huo ni wangu."

Akajaribu wa tatu. "Na huo, mwanangu. Nilikuimbia wewe ulipozaliwa."

Nyimbo zikamwishia mama. Ndama akazidi kulia, hata baraza likaziba masikio. Mama akamgeukia mumewe: "Bwana wee, mtoto huyu atalala na nini?"

Sultani akanguruma, "Nauliza tena! Huyu ni wa nani?"

"Wetu!" wakapiga kelele Ngiri. "Wetu sisi!" wakaruka Mnana. "Uongo, ni wetu!" wakalia Chiriku.

"Undugu nimeupokea," akasema Bi Mhanga, "ila sirudi kwa yeyote. Kesho naanza kuchonga."

Sultani akainamisha pembe zake, na sheria ile ikafutwa siku ileile. Kicheche akaamriwa kurudisha kila chungu jiko kilikotoka, na kila mlangoni mabibi wakamfokea: "Si hicho, wewe! Changu kina masizi!"

Naye Bi Mhanga akachonga. Mlango wake wa kwanza ulipinda, haukufungika. Akaubomoa, akaanza mwingine.

Funzo, enyi mliohudhuria, ni hili: fundi akihama kazi, msiseme ameitupa. Ameiacha mikononi mwenu, nanyi mwaitumia kila siku. Mpisheni aendelee.

Ngano yangu imetua mzigo wake. Aliyeupenda aubebe, aliyechoka aniachie. Nami wa kwanza kunisimulia ni Bi Mwanaesha binti Shekuwe, mshona kofia wa Siyu.