Viti vya Mzee Saulo

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maana yake ni kwamba kitu cha mwenzio, hata kikiwa cha thamani namna gani, hakiwezi kukufaa kama chako mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe akikihitaji atakivua mwilini mwako hata kama umesimama mbele za watu. Jambo hili liliipata nyumba moja ya Soweto, mjini Mbeya, katika miaka ile ambayo garimoshi lilikuwa bado jipya na watu walikimbilia nje kulitazama likipita.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Timotheo, mpakia mizigo wa stesheni, na mkewe Juliana. Juliana alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa ya kwanza. Mama yake mzazi alifariki yeye angali mdogo, hivyo aliiogopa siku ya kujifungua. Tumaini lake lote lilikuwa kwa mama mkwe, Bibi Apolonia, mjane aliyeishi peke yake kijijini huko Iringa. Timotheo alikuwa amemwomba mara nyingi ahamie kwao, naye hakubadili jibu: "Nitakuja nione kwanza. Nikiona pananifaa nitakaa. Nisipoona, msinikamate."

Sasa habari zilifika kwamba anakuja.

Juliana hakukaa bure. Alikwenda kando ya kijito akachimba udongo mweupe, akaukoroga na maji, akapaka kuta za sebule mpaka zikang'aa kama ganda la yai. Chini ya ukuta akazungusha ukanda wa udongo mwekundu, na kwa vidole vyake akauchora mawimbi. Sweta ya Timotheo iliyotoboka viwiko aliifumua, na kwa uzi wake akafuma kitambaa cha meza. Vipande vya khanga chakavu akavishona mito, akaijaza maganda laini ya mahindi. Katika kopo tupu la mafuta ya kupikia akapanda ua jekundu. Mwisho akatandika mkeka wa ukindu, akaipanga mito ukutani, akasimama mlangoni kutazama. Chumba kilimchekea.

Timotheo aliporudi kazini alitabasamu, kisha akakuna kichwa. "Pamependeza, Juliana. Lakini mama atakaa chini? Mama wa mfanyakazi wa reli?"

"Mama yako amekaa mkekani miaka yote. Umewahi kumsikia akilalamika?"

"Huko ni kijijini. Huku watu wana macho."

Basi akaenda kwa jirani yao Mzee Saulo, mfanyabiashara wa mchele wa Ubaruku, mtu mwenye moyo laini kama pamba. Mzee Saulo alimwazima viti vinne vikubwa vya sofa, vyenye mito mizito na mikono iliyopakwa vanishi. Vilipoingia, sebule ikajaa pomoni. Mkeka, mito na ua vikapelekwa jikoni, katika kibanda cha uani. Juliana aliumeza uchungu wake kama mgonjwa anavyomeza kwinini.

Bibi Apolonia alishuka kwenye basi amejifunga khanga mbili kwa baridi, na kikapu cha maharage mkononi. "Kamwene, mwanangu," alimsalimu Juliana, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili.

Walipomketisha kitini, kiti kilimmeza. Miguu yake ilining'inia kama ya mtoto kanisani.

"Viti vyetu hivyo, mama," alisema Timotheo.

Juliana aliangalia sakafu.

Bibi alitoa khanga moja, akaitandika chini yake asije akakichafua kiti. "Nyumba nzuri," alisema. "Kama ofisi ya bwana shauri."

Timotheo alidhani amesifiwa. Juliana hakudhani hivyo. Aliona jinsi bibi alivyokaa wima kama mshtakiwa, na jinsi kila mara alivyotafuta sababu ya kwenda jikoni: mara kuota moto, mara kuchambua mboga, mara kuuliza kama chumvi ipo. Siku ya pili, baada ya kula, bibi alisema kwa upole, "Kesho nitapanda basi, wanangu. Mifupa yangu haijazoea kukaa juu juu."

Juliana alihisi kama mtu aliyenyang'anywa fimbo katikati ya mto.

Jioni hiyohiyo hodi ikabishwa. Alikuwa Mzee Saulo, na nyuma yake vibarua wawili na mkokoteni.

"Bwana Timotheo, nisamehe, ndugu yangu. Wakwe wamenivamia kutoka Ubaruku bila taarifa, na sina hata kigoda cha kuwakalisha. Nimefuata viti vyangu." Alipomwona bibi kitini, akajiuma ulimi. "Ah. Mama, wewe kaa tu. Nitachukua hivi vitatu. Nitawaambia cha nne kimevunjika."

"Usiwadanganye wakwe kwa ajili yangu, baba," alijibu Bibi Apolonia, akiteleza taratibu mpaka miguu ikagusa chini. "Chukua. Nilikuwa natafuta namna ya kushuka."

Mzee Saulo alicheka mpaka akashika ukuta. Timotheo peke yake hakucheka. Alisimama amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Viti vilipotoka, sebule ikabaki tupu. Ndipo bibi alipouona ukanda mwekundu uliokuwa umefichwa na migongo ya viti. Aliinama, akayafuata mawimbi kwa kidole kutoka kona hadi kona.

"Nani kachora?"

"Mimi, mama."

"Na vya kukalia huna?"

Juliana alikwenda jikoni haraka kadiri tumbo lilivyomruhusu. Akarudi na mkeka, akarudia mito, akarudia ua. Bibi aliketi, akanyoosha miguu, akaegemea mto. Maganda ya mahindi yalichakarika, naye akashusha pumzi ndefu.

"Hapa sasa nimefika," alisema. "Tangu jana nilikuwa bado njiani."

"Nisamehe, mama," Timotheo alisema. "Niliona haya."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mwenye kiti hakai ukingoni, nawe ulikaa kama anayesubiri kuitwa. Njoo ukae hapa, baba. Hapa hatufukuzwi."

Usiku ulipoingia, Mzee Saulo alileta mwenyewe sinia la wali wa wageni wake. Alivua viatu, akaketi mkekani, na ilikuwa vigumu kumwondoa. "Juliana, binti yangu," alisema akiubonyeza mto, "mfundishe mke wangu kushona hii. Vile viti vyangu vinaniumiza kiuno, ila naona aibu kusema."

Asubuhi honi ya basi la Iringa ilisikika kutoka barabarani. Bibi Apolonia hakuinuka. Alikuwa ameshika sindano, akishona mto mwingine, mdogo wa kumtosha mtoto mchanga.

"Liende salama," alisema, akauma uzi kwa meno.

Juliana aliketi kando yake, akatabasamu. Hakika, nguo ya kuazima haisitiri maungo.