Kiti cha Karibu na Mlango wa Nyuma

Ndugu zangu, leo nina kisa kifupi, na kinaisha vizuri. Nawaambia mapema ili msinikunjie nyuso katikati.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha korosho. Wanawake arobaini walikaa kwenye meza ndefu wakimenya lile ganda jembamba la ndani kwa visu vidogo, na walimenya wakiimba. Nani hapa amewahi kumenya korosho? Basi mnajua: ukimenya kimya, vidole vinalala. Ukiimba, vinakwenda. Mwenye kiwanda alikuwa na ofisi ghorofani, wala hakuhitaji kuteremka kukagua. Akisikia nyimbo, alikunywa chai yake kwa amani akijua kazi inakwenda.

Ukumbi ule ulikuwa na msimamizi. Msinifikirie mtu wa kutisha. Alikuwa nadhifu, anaamkia wakubwa, na kwenye vikao yeye ndiye aliyeombwa kufungua kwa sala. Ukutani alibandika bango: HAPA TUNAHESHIMIANA. Chini ya bango palikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao nani? Nyamazeni tu, mmeshajua.

Mkono wa bwana huyu ulikuwa na ugonjwa wa kupotea njia. Ukitumwa kukagua sinia la korosho, unafikia kiunoni kwa mtu. Ukitumwa kuonyesha namna ya kushika kisu, unatua mgongoni na kusahau kuondoka. Na mwanamke aliyethubutu kuusogeza, mwisho wa wiki alikuta ameandikwa kwamba alichelewa kazini siku mbili.

Wanawake wakatafuta dawa. Mama mmoja, mwenye sauti kuliko wote, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikaa mahali anapouona mlango wa nyuma, maana msimamizi alipenda kuingilia huko, taratibu. Akimwona tu, anakata wimbo uliokuwapo na kuanzisha ule wa kumpokea bwana harusi. Hapo khanga zinakazwa, viti vinasogezwa hadi migongo iguse ukuta, masinia yanapakatwa mapajani. Msimamizi anapita katikati ya vigelegele akitabasamu. Masikini, alidhani anapokewa!

Mnacheka. Chekeni, lakini angalieni jambo moja. Kiti kimoja hakikuwa na ukuta wa kuegemea. Kilikuwa mwisho wa meza, kimeupa mgongo mlango wa nyuma. Mwenye kuweza kuchagua hakukaa pale. Sasa nani alikaa? Mgeni. Kila aliyeajiriwa upya alipokewa kwa upole: "Karibu mwanangu, kaa pale, kuna upepo." Mwaka ule wawili walikuwa wamekaa pale na wakaacha kazi. Ikasemwa kwamba hawakuiweza.

Akaja wa tatu, binti aliyeisaka kazi ile miaka miwili. Akakalishwa penye upepo. Wiki ya pili, mkono ukapotea njia. Binti akasimama wima, kisu mkononi, korosho kwenye mkono mwingine.

"Msimamizi, sinia liko mezani. Huku nyuma unakagua nini?"

Wenzake walifanya nini? Walipandisha wimbo. Waliimba kwa nguvu, ndugu zangu, waliimba mpaka swali lile likazama.

Jioni yake, kwenye grupu la simu la wafanyakazi, msimamizi akaweka picha. Alikuwa amempiga picha binti kwa nyuma, akiwa ameinama juu ya gunia, bila yeye kujua. Akaandika: "Korosho daraja la kwanza, bado haijamenywa." Chini yake vikajipanga vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, ishirini na sita. Hakuna aliyemtukana binti, eti. Walicheka tu. Ni kugusa simu kwa kidole mara moja, kisha mtu anarudi kwenye ugali wake.

Asubuhi binti akaja na aproni imekunjwa. Akaenda moja kwa moja kwa yule mama mwanzisha nyimbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hujavaa aproni?"

"Nairudisha. Ila nina swali moja. Ule wimbo wa bwana harusi huwa mnamwimbia nani?"

Mama akashusha sauti. "Ni wa kujulishana, mwanangu. Ukiusikia, ujue anaingia, ujiweke sawa."

"Wiki mbili nimeusikia. Nilikuwa naitikia! Nikasema moyoni, wenzangu hawa wana raha kweli."

"Tulidhani mtu amekwambia."

"Nani?"

Mama akavuta sinia lake karibu.

"Na kile kikatuni cha tatu kwenye picha yangu ni chako, mama. Nimekiona."

Angejibu nini? Kwamba kidole kiliteleza? Vidole vile vinamenya korosho elfu bila kuvunja hata moja. Mama akaitazama aproni, akaitazama meza yote, kisha akasimama.

"Usiende. Kaa kwenye kiti changu."

"Na wewe?"

"Mimi leo nakaa penye upepo."

Kazi ikaanza, nyimbo zikaanza. Saa nne mlango wa nyuma ukafunguka taratibu. Wote wakamgeukia mama, wakimngoja abadili wimbo. Mama akafungua kinywa, akakifunga. Akanyamaza. Wa pembeni yake akanyamaza. Kimya kikapita mezani kama mtu anayezima taa moja moja, mpaka ikabaki sauti ya maganda yakidondoka. Msimamizi akasimama katikati ya ukumbi, mkono uko hewani, hajui auweke wapi. Ndiyo mara ya kwanza mkono ule kukosa pa kwenda.

Kule ghorofani mwenye kiwanda akatega sikio. Miaka tisa hajasikia kimya kama kile saa za kazi. Akateremka mbio, kikombe cha chai mkononi.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba," mama akasema. "Tumechoka kumwimbia bwana harusi."

Akaeleza yote: wimbo, mkono, kiti, wawili walioacha kazi, picha. Msimamizi akacheka kicheko cha watu wazima.

"Mzee, hawa mama zangu tunataniana. Unazijua mila zetu. Mtu na mtani wake!"

"Mtani wangu namjibu, naye anacheka," mama akasema. "Wewe ukijibiwa unaandika mtu kachelewa. Huo ni utani wa wapi?"

Kisha akampa mwenye kiwanda simu yake. "Hiyo picha unaiona. Cha tatu hapo chini ni changu. Nianze mimi kuwekwa lawamani."

Mwenye kiwanda akayasoma majina ya waliocheka, moja moja, uso umemkunjika kama hakimu. Kwenye la ishirini na moja akasimama. Lilikuwa la kwake.

"Mimi nilidhani…" akaanza.

"Hata sisi tulidhani, baba," mama akamwambia.

Nimewaahidi kinaisha vizuri, nami nitatimiza. Msimamizi alikabidhi ufunguo wa sanduku saa hiyohiyo, akatolewa kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kupisha uchunguzi. Wale wawili walioacha kazi wakapigiwa simu, wakaja, wakasikilizwa. Yule bwana hakurudi tena. Kwenye grupu picha ikafutwa, na wa kwanza kuomba radhi alikuwa mwenye kiwanda, kwa maneno, bila vikatuni. Wakafuata wengine ishirini na watano. Ufunguo wa sanduku ukawekwa kwa watu waliochaguliwa na wamenyaji wenyewe. Kile kiti kikatupwa nje, kuku wa mlinzi akakifanya kiota. Mlango wa nyuma ukaachwa wazi kutwa, na upepo ukaingia wa kweli.

Kesho yake hakuna aliyejua wimbo upi uanze. Mama alisema aibu imemkausha koo. Basi binti akaanzisha yeye, juu mno, na katikati sauti ikamkatika. Wanawake wakacheka, naye akacheka. Walicheka kwa midomo yao, si kwa vidole, na visu vikaanza kwenda.

Sasa, ndugu zangu, nawaona. Wengine mmeanza kugeuza shingo kumtafuta msimamizi kwenye mabenchi haya. Acheni. Leo sikuja na msimamizi. Nimekuja na kile kiti.

Maana sisi ni watu wa wimbo. Tunajua. "Ukienda ofisini kwa yule, nenda na mwenzako." "Yule mzee akikupa lifti, kaa nyuma." Tunanong'onezana vizuri kabisa, tena tunaita busara. Lakini tumewanong'oneza akina nani? Rafiki zetu, binti zetu, shemeji zetu. Na aliyefika mjini juzi, asiye na shangazi hapa, tumemwambia nini? Tumemwambia karibu, kaa pale, kuna upepo. Onyo linalowafikia wanaojua tu, linamwelekeza mwindaji kwa asiyejua. Hapo sisi hatujamzuia. Tumemchagulia.

Na akipiga kelele, tunapandisha wimbo. Tunasema tusichafue jina la ofisi. Tusichafue jina la kanisa! Kana kwamba jina lilichafuliwa na aliyepiga kelele.

Halafu kuna vidole vyetu. Humu ndani kuna simu mia mbili, na naona kuna mbili zinazochezewa sasa hivi. Picha ya mtoto wa mtu ikipita kwenye grupu la jumuiya, la ofisi, la ukoo, hakuna anayekuomba uhutubie. Usicheke. Usiirushe kwingine. Mwambie aliyeiweka, palepale mbele ya wote, aitoe. Mwenye picha anasoma majina, ndugu zangu. Anajua nani alikuwa wa tatu.

Neno la mwisho ni langu mwenyewe. Lile sanduku letu la maoni pale mlangoni, ambalo nililizindua kwa maombi marefu, ufunguo wake ulikuwa wapi? Kwenye pochi yangu. Miaka minne! Nilipokuwa naandika habari za yule msimamizi, pochi ilikuwa mezani ikinitazama. Jana nimewakabidhi ufunguo wale mama wawili na kijana mmoja mliowachagua wenyewe, na wana maelekezo: wakikuta jina langu humo, wasiniletee mimi. Walipeleke kwa watu wa nje ya kanisa hili, na jambo la polisi wapeleke polisi. Nilidhani nitaumia. Nimelala kama mtoto.

Basi tusimame tuimbe, na leo imbeni kwa raha, maana tuna sababu. Lakini katikati ya wimbo mkiona mwenzenu amenyamaza, msipandishe sauti. Nyamazeni kwanza, mumuulize.